Kereng'ende wa gramu 12 katika upepo wa Dar es Salaam

Kifurushi kilinifikia Sinza mwezi Septemba 2024, miezi 18 baada ya fedha kutoka mfukoni mwangu na miezi tisa baada ya tarehe niliyoahidiwa. Boksi lilikuwa jepesi kiasi kwamba kijana wa bodaboda aliyelileta alilitikisa kwanza, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, una hakika humu kuna kitu?" Kilikuwemo: droni ndogo yenye umbo la kereng'ende, mwili wake wa povu gumu, mabawa yake manne membamba kama ganda la kitunguu, pamoja na rimoti inayoenea kiganjani na jozi tatu za mabawa ya akiba. Nimeirusha kwa takriban miezi mitatu, na ninaandika tathmini hii kwa sababu kampuni iliyoitengeneza imefungua awamu ya pili ya kuchangisha, na watu wasiopungua watano wameniuliza kama nao watoe fedha zao.

Jina la kampuni sitalitaja. Nina malalamiko kwao ambayo hayajaisha, na nisingependa tathmini igeuke kuwa barua ya madai. Isitoshe, mengi nitakayoyasema yanaihusu aina nzima ya vyombo vinavyoruka kwa kupiga mabawa, si chombo hiki peke yake.

Kwanza ieleweke kwamba sikununua kitu, nilichangia: nilitoa fedha kupitia mtandao ili chombo ambacho bado hakijakuwepo kitengenezwe. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kukabidhiwa kadi ya mchango wa harusi anaufahamu utaratibu huu pengine vizuri kuliko watu wa huko ulikoanzia: unaandikisha ahadi, unakumbushwa ahadi, unatuma fedha kwa simu, kisha kamati inakaa na kuamua habari za ukumbi, chakula na muziki bila kukuuliza. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi ina mwenyekiti unayemfahamu, mweka hazina anayekaa mtaa wa pili, na tarehe isiyosogezeka kwa sababu bibi harusi amekwisha kununua shela. Kamati ya droni ilikuwa na picha nne za vijana wanaotabasamu na tarehe iliyosogezwa mara tatu: mara ya kwanza kwa sababu ya gia, mara ya pili kwa sababu ya betri, na mara ya tatu bila sababu yoyote.

Kickstarter, mtandao maarufu kuliko yote katika biashara hii, umekuwa ukitangaza wenyewe tangu mwaka 2012 kwamba si duka, na historia ya droni ndogo inaonyesha kwamba tangazo hilo si la kupuuza. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kampuni ya TechJect, iliyoanzishwa na watafiti kutoka chuo cha Georgia Tech cha Marekani, iliomba dola 110,000 kupitia Indiegogo, mtandao mwingine wa kuchangisha, ili itengeneze kereng'ende wa roboti anayeenea kiganjani. Ikapata zaidi ya dola milioni moja, na wachangiaji wengi hawakukiona chombo chenyewe. Miaka miwili baadaye Torquing Group ya Wales ilichangisha zaidi ya pauni milioni 2.3 kutoka kwa watu zaidi ya 12,000 kwa ajili ya droni ndogo iliyoitwa Zano, na kufikia Novemba 2015 kampuni ilikuwa imefilisika. Kwa upande wa pili yuko Mfaransa Edwin Van Ruymbeke, ambaye mwaka 2019 alichangisha kwa ajili ya MetaFly, mdudu wa kurushwa kwa rimoti mwenye uzito usiofika gramu 10, na hadi leo vyombo vyake vinauzwa. Ukiyaweka haya mezani, kucheleweshewa miezi tisa kunaanza kuonekana kama bahati njema, ingawa sikuiona hivyo nilipokuwa nikisubiri.

Gharama yake halisi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mchango. Ahadi yangu ilikuwa dola 119, nikaongeza dola 24 za usafirishaji, jumla takriban shilingi 336,000 kwa thamani ya dola ya Machi 2023. Mzigo ulipofika nchini zikaja kodi, ambapo ile ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei ikiwa imekwisha kujumlishwa na nauli pamoja na ushuru wa forodha, na juu ya hapo ikaja ada ya kampuni ya vifurushi kwa kazi ya kunijazia fomu. Nilitoa shilingi 86,000 nyingine. Kwa hiyo kereng'ende wangu alitua mezani kwa shilingi 422,000, na kwa fedha hizo ningeweza kushuka Kariakoo nikanunua droni ndogo ya rafadha nne, yaani panga nne zinazozunguka, yenye kamera, nikabakiwa na nauli ya kurudia nyumbani. Chombo hiki hakina kamera. Hakipimi umbali, hakijui kilipo, wala hakirudi chenyewe kikipotea. Kinachokiuza ni namna kinavyoruka, na kwa hiyo namna kinavyoruka ndiyo ya kupimwa.

Mabawa manne yanampotosha mtazamaji. Kereng'ende halisi ana misuli inayoendesha kila bawa peke yake, na ndiyo maana anaweza kusimama hewani juu ya dimbwi, akarudi kinyumenyume, akageuka ghafla na kumnasa mbu kabla hujamaliza kupepesa macho. Chombo hiki kina mota moja tu, kubwa kidogo kuliko punje ya kunde, inayozungusha gia tatu za plastiki; gia hizo zinapunguza kasi na kuongeza nguvu, kisha kijiti kidogo, kikifanya kinyume cha pedeli za baiskeli, kinageuza mzunguko kuwa mpigo wa juu na chini. Mabawa yote manne hupiga kwa pamoja, na kazi ya kugeuka kushoto au kulia imeachiwa mkia unaovutwa na sumaku ndogo. Maana yake ni kwamba lazima kiende mbele ili kibaki hewani. Video ya kuchangishia ilikionyesha kikiwa kimetulia juu ya ua jekundu kwa sekunde kama tatu hivi, na baada ya kukirusha mara nyingi nimeridhika kwamba video ile ilipunguzwa mwendo. Mpwa wangu wa miaka 11 aliling'amua hilo siku ya kwanza, kwa swali ambalo ningepaswa kuwauliza wenyewe kabla ya kutoa ahadi: "Mjomba, kwani huyu hawezi kusimama?"

Hata hivyo kinaruka, na kinaruka kwa njia ambayo hakuna droni ya rafadha inayoiweza. Bawa laini likishuka hujipinda, na kwenye ukingo wake wa mbele hewa hujiviringa kama maji yanavyojiviringa nyuma ya nguzo ya daraja. Mviringo huo hupunguza mgandamizo juu ya bawa na kulinyanyua zaidi kuliko ambavyo bawa lisilopiga la ukubwa uleule lingenyanyuliwa. Charles Ellington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliuonyesha mviringo huo mwaka 1996 kwa moshi, nondo na bawa la kuigiza. Ninachoweza kushuhudia mimi ni kwamba ukikiachia kereng'ende hiki kutoka mkononi, hakiondoki kwa mngurumo. Huzama kidogo, huonekana kama kinajifikiria, kisha hupanda kwa mpigo unaosikika kama kurasa za daftari zinazopekuliwa upesi.

Majaribio ya kwanza niliyafanya sebuleni, na hapo ndipo nilipogundua sharti ambalo halikuandikwa katika kijitabu cha maelekezo. Pangaboi likiwaka, hata kwa namba moja, droni huvutwa juu, hupinduka na kuangukia kochi. Basi pangaboi likazimwa, madirisha yakafungwa, na kila dakika moja ya kuruka tukailipia kwa dakika kadhaa za jasho. Mke wangu alivumilia jioni mbili. Chumba chenyewe pia ni kidogo mno kwa chombo kinachotaka kwenda mbele bila kusimama: kukizungusha katika mita nne kwa tano kunahitaji mkono mwepesi, na kwa wiki ya kwanza mkono wangu haukuwa mwepesi.

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa bwalo la shule moja ya sekondari upande wa Temeke, ambako mwalimu tunayefahamiana aliniruhusu kuingia Jumamosi moja baada ya meza kuondolewa. Bwalo lile lina urefu wa mita 30 hivi na dari ya juu, na hewa yake imetulia. Huko nilikielewa chombo. Nilijifunza kwamba hakipendi kuamrishwa. Ukisukuma kijiti cha rimoti kwa nguvu kinayumba na kushuka, lakini ukikigusa kidogo na kusubiri, kinachora duara pana lisilo na kosa, kinapita karibu na ukuta, kinashuka mpaka usawa wa magoti, kinapanda tena. Wanafunzi waliokuwa wamekuja kufua nguo zao walisimama mlangoni wakatazama, na mmoja wao, msichana wa kidato cha pili, alikirusha mara ya kwanza vizuri kuliko mimi mara ya kumi. Kama tathmini hii ingeishia kwenye bwalo lile, ningekipa alama 9 kati ya 10.

Lakini Dar es Salaam ni mji wa pwani, na nje ya kuta upepo ndio unaotawala. Septemba kusi ilikuwa bado inavuma; nilikipeleka kwa dada yangu Kigamboni, kwenye uwanja wa nyuma wenye ukuta pande tatu, nikakiachia saa kumi jioni, na katika sekunde nane kilikuwa juu ya mwembe wa jirani. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba kinafaa "upepo mwepesi". Neno hilo halina kipimo, na upepo unaohesabika mwepesi kwao ni tofauti na wa pwani yetu. Wala tatizo hili si geni. Katika miaka ya 1970 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitengeneza kereng'ende wa bandia wa gramu moja aliyekusudiwa kubeba chombo cha kusikilizia mazungumzo. Aliweza kuruka kama mita 200 kwa sekunde 60, na kilichomshinda kilikuwa upepo wa ubavuni uliozidi kilomita 8 kwa saa. Kama fedha za majasusi hazikulitatua, sikutarajia dola zangu 119 zilitatue, ila nilitarajia waniambie kabla.

Kinachouma zaidi ni kwamba mdudu mwenyewe ameliweza. Miongoni mwa kereng'ende wanaoonekana Afrika Mashariki wakati wa kaskazi wamo wale ambao wanasayansi huwaita Pantala flavescens, na mtafiti Charles Anderson, aliyewafuatilia akiwa Maldivi, alieleza mwaka 2009 kwamba wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India kwa kuupanda upepo badala ya kushindana nao, kama walivyofanya manahodha wa majahazi. Kila mmoja ana uzito mdogo mno kuliko gramu moja.

Katika wiki za maleleji, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika, nilipata asubuhi kadhaa za shwari kabisa. Dirisha la kuruka huwa jembamba: kuanzia kunapokucha mpaka saa mbili kasoro hivi, kabla ardhi haijapata joto na upepo wa baharini haujaanza kusukuma. Asubuhi hizo kilipendeza hata nje. Kilikwenda umbali wa mita 60 na kurudi, ingawa kilitangazwa kufika mita 100. Sikuthubutu kulijaribu dai hilo kwa sababu baada ya mita 60 huwezi tena kuona kichwa chake kimeelekea wapi.

Asubuhi mojawapo walikuja kunguru. Nawasema hawa kunguru wetu wa mjini, wenye asili ya India, ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa pwani yote. Mara nyingi nimeona droni za kawaida zikipita juu yao bila wao kujali sana. Hiki, kwa kuwa kinapiga mabawa kama kitu cha kuliwa, kiliwatoa watatu kwenye mnazi kwa pamoja. Wawili walikifuata wakipiga kelele, wa tatu akakigonga kwa mdomo ubavuni, na bawa la nyuma la kushoto likachanika mpaka kwenye mfupa wake wa nyuzi za kaboni. Kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kunguru, na katika hali fulani tukio lile lilikuwa cheti cha ubora, maana aliyedanganyika ni ndege mwenyewe. Lakini anayekusudia kukirusha Upanga, Kivukoni au popote penye miti mikubwa na majalala ajue kwamba atakuwa na wenziwe angani.

Kuhusu uimara, nina mema na mabaya. Kuanguka hakukiharibu, kwa kuwa kitu cha gramu 12 hakina uzito wa kujivunjia; kimegonga ukuta, kochi, ndoo na shingo ya mwalimu bila kuvunjika. Mabawa ndiyo yanayokwisha. Jozi moja kwangu ilidumu takriban wiki tatu, na mkanda wa kuzibia uliokuja nao ni mzito kiasi cha kukifanya kiegemee upande. Nilipata matokeo bora kwa gundi kidogo na kipande cha plastiki ya kufungia vitumbua. Hewa ya chumvi ya Kigamboni iliweka kutu kwenye kipini cha gia kwa mwezi mmoja, jambo ambalo tone la mafuta ya cherehani liliondoa. Betri iliahidiwa dakika 8. Kwa saa ya simu yangu nilipata dakika 5 na sekunde 40 siku za mwanzo, na baada ya kuichaji mara 30 hivi nikawa napata 4 tu, wakati kuichaji kwenyewe huchukua dakika 22 badala ya 15 zilizoandikwa. Waya wa betri ulipokatika, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey aliuchomea kwa shilingi 10,000, akakiangalia chombo kwa muda, akakataa kukirudisha mpaka akione kikiruka.

Malalamiko yangu makubwa ni ya rimoti. Ndiyo inayokichaji kereng'ende kupitia tundu dogo ubavuni, na tundu hilo lililegea wiki ya tano, hivyo kila unapochaji unapaswa kuuegemeza waya kwa kiberiti. Niliwaandikia nikiambatanisha picha. Jibu lilikuja baada ya siku 19, likiwa na pole nyingi, shukrani kwa kuwa "sehemu ya familia", na namba ya punguzo la asilimia 15 kwa ajili ya kuchangia awamu ya pili. Rimoti nyingine sijaletewa. Katika harusi, mchangiaji aliyekosa sahani ya pilau humwendea mjumbe wa kamati akamshika mkono. Hapa unaandika barua pepe nyingine.

Jambo la sheria nitaligusa tu. Droni nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, chini ya kanuni za mwaka 2018, na habari za usajili na vibali zinapaswa kuulizwa huko kabla ya kuagiza, si baada. Mimi sikutaka kusimama Coco Beach nikimweleza askari kwamba kitu kinachoruka juu ya vichwa vya watu ni mdudu wa kuchezea, kwa hiyo nilibaki ndani ya kuta na nyua za watu wanaonifahamu.

Kwa wale walioniuliza, jibu langu linategemea unachokitaka. Mwalimu wa fizikia mwenye bwalo, au mzazi mwenye mtoto anayependa kufungua vitu kuona vinavyofanya kazi, atapata hapa somo ambalo halipo kwenye droni za rafadha, na hasa gia zile zilizo wazi zinafaa kufundishia. Anayetaka kupiga picha za harusi, shamba au paa la nyumba asipoteze muda. Na hata yule mwalimu nisingemshauri atoe ahadi. Ningemshauri asubiri chombo kianze kuuzwa kama bidhaa ya kawaida, yenye risiti na dhamana, kisha akinunue iwapo bei yake pamoja na kodi haizidi shilingi 250,000. Zaidi ya hapo ni mchango, na mchango hutolewa kwa watu unaowajua.

Namba ya punguzo sijaitumia. Kaskazi imekwisha kushika, na jozi moja ya mabawa iliyobaki nimeifungia kabatini. Shwari nyingine itakuja Aprili, lakini Aprili ni masika, na mabawa haya yakilowa hayapigi.